Kompyuta iligoma kuwaka na mémoire ya mke wangu ikiwa ndani: asante mkuu WayaMbili

Wakuu, nawasalimu kutoka Likasi, Katanga.

Mimi humu ni msomaji wa kimya, huwa napita tu. Leo naandika kwa sababu kuna mwenzetu nataka kumshukuru mbele yenu wote. Sitaongeza chumvi. Mke wangu yuko hapa pembeni anasoma ninavyoandika, nikikosea ataniambia.

Kiswahili chetu huku kimechanganyika na Kifaransa, mtanivumilia.

Mke wangu anaitwa Béa. Ni muuguzi, alirudi chuoni kumalizia masomo. Mwaka mzima alikuwa anaandika mémoire, yaani ile kazi ndefu ya mwisho wa masomo, kuhusu akina mama wanaojifungulia nyumbani huko vijijini Kapolowe. Alikuwa anawafuata mwenyewe, anaongea nao, anarudi amechoka, halafu anakaa kwenye kompyuta na mtoto wetu mgongoni.

Kompyuta yenyewe ni desktop ya mtumba. Ina kelele, lakini ilikuwa haijawahi kutuangusha.

Sasa ikafika wiki ya kukabidhi kazi. Umeme ukakatika, ukarudi kwa nguvu, ukakatika tena. Ulipotulia nikabonyeza power.

Feni ikazunguka. Taa ikawaka. Screen nyeusi.

Halafu mlio. Biiip ndefu, kimya, biiip ndefu, kimya.

Flash tuliyokuwa tunawekea nakala ilishakufa, na tulikuwa tunasema tutanunua nyingine. Mnaijua hiyo "tutanunua".

Nikamwita fundi wa mtaani. Akajaribu, akasema labda disk imekufa, dawa ni kuweka nyingine na kupiga Windows upya. Béa akasimama kati yake na mashine.

"Hapana, papa. Kazi yangu yote iko mule ndani. Miye siwezi kuandika tena vile vyote."

Fundi hakukasirika. Akasema basi tutafute mwenye uwezo zaidi, asije akatuharibia. Nilimheshimu kwa hilo.

Béa hakulia. Alikwenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa visafi. Hapo ndipo niliogopa kweli.

Nikafungua uzi humu kuomba msaada. Wengine mlinitania kidogo, haina shida. Lakini WayaMbili akaja PM: "Mlio mrefu unaojirudia, mara nyingi ni RAM, sio disk. Usiruhusu mtu afute chochote. Nipigie WhatsApp."

Mtu simjui, hanijui. Yuko Sumbawanga.

Tulimpigia Jumapili tukitoka misa, simu mezani, speaker wazi. Akasema chomoa waya wa umeme, shikilia kitufe cha power kidogo ili umeme uliobaki uishe, kisha fungua ubavu wa mashine.

Wakuu, vumbi. Mimi nafanya kazi machimbo ya Kakontwe, vumbi nalijua, lakini lile lilinitia aibu.

Akanielekeza kuchomoa vile vibao vya RAM, kusugua meno yake ya shaba taratibu kwa kifutio cha penseli, na kurudisha kimoja tu. Nikawasha.

Bip moja fupi. Screen ikawaka.

Béa akanishika bega. Halafu yakaja maandishi meupe: hakuna disk ya kuwashia. Mkono ukatoka begani.

WayaMbili akauliza, "Tarehe inasomeka ngapi?" Ilikuwa ya miaka ya nyuma kabisa. Akacheka. Akasema betri ndogo ya kwenye motherboard imekwisha, ile ya duara kama ya saa, kwa hiyo mashine imesahau settings zake. Tukaingia BIOS, pale settings za mashine zinapokaa.

"Jina la disk unaliona?"

"Naliona."

"Basi iko hai. Tulia."

Wakati ananielekeza kubadilisha boot mode, yaani namna mashine inavyoitafuta disk ya kuwashia, Béa akasikia kitu kwenye simu. Magurudumu ya kitanda, mtu anaitwa jina. Masikio ya muuguzi hayo.

"Kaka, weye uko hospitali?"

Akasema ndiyo, mama yake amelazwa, ana sukari na kidonda mguuni. Daktari ameeleza mambo mengi haraka haraka, yeye ameitikia tu. Alisema kutusaidia kulikuwa kunamtoa kwenye mawazo.

Béa akavuta kiti. Akasahau kompyuta kabisa.

Alimuuliza kidonda kinafananaje, mama anakula nini, dawa gani amepewa. Akamweleza kwa upole kila alichoambiwa na daktari kina maana gani, na maswali ya kumrudia nayo asubuhi. Mimi nimekaa na mouse mkononi, sithubutu kubonyeza.

Alipomaliza, jamaa akasema, "Asante dada. Sasa bonyeza F10, halafu Enter."

Windows ikafunguka. Mémoire ilikuwepo, kurasa zote. Béa akaweka uso kwenye mikono yake, akakaa hivyo, na mkuu wa watu akatusubiri kwenye simu.

Kesho yake nikanunua betri, na flash. Kazi ikakabidhiwa kwa wakati.

Mama yake WayaMbili karudi nyumbani, anatembea polepole. Béa bado anampigia kuuliza mguu.

Nilichojifunza: weka nakala leo. Usikubali kufuta kabla ya kujua ugonjwa ni nini. Na ukimwomba mtu msaada, muulize naye anaendeleaje.

Siku ya kutetea mémoire yake, profesa mmoja alifungua ukurasa wa shukrani akakuta jina la ajabu. Akauliza, "Huyu WayaMbili ni nani?"

Béa akajibu, "Ni kaka yangu. Sijapata kumuona bado."

Wakuu, kama nawe kuna mtu humu amewahi kukutoa shimoni, mtaje hapa chini asome.