Secilia, msimamizi wa jukwaa aliyejishtaki kwa kutaja kijito cha kwao

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mjini Lushoto, ukungu bado umelala juu ya mabati. Secilia Sefania anasukuma mlango wa steshenari ya Hidaya Amiri, anavua kandambili zenye tope, anavaa soksi za sufu na kuketi pembeni mwa dirisha. Anafungua kompyuta mpakato ambayo bawaba yake moja imeshikiliwa na selotepu.

"Onga makeo," anamsalimia Hidaya kwa Kishambaa.

"Onga. Haya mama Glory, leo wazungu wako wamegombania nini?" anauliza Hidaya huku akijaza karatasi kwenye mashine ya kutolea kopi.

"Maji. Mmoja wa Kanada anasema ua limwagiwe maji ya baridi. Wa Japani kamwita muuaji."

"Muuaji kwa sababu ya maji! Waje waoge huku mwezi wa saba, ndipo watajua maji ya baridi ni yapi."

Secilia anacheka, lakini vidole vyake vimeshaanza kazi. Mwanamke huyu wa miaka 38, mama wa watoto wawili, ni msimamizi wa jukwaa la mtandaoni lenye wanachama 41,000 kutoka nchi 73. Kazi yake ni kusoma wanayoandikiana, kutuliza ugomvi, kufuta matusi na kuwafungia wanaovunja kanuni. Kanuni zenyewe ni kumi na nne, na anazijua zote kwa moyo.

Mazungumzo yote ya jukwaa hilo yanahusu ua moja tu, lile dogo la zambarau lenye majani kama yaliyovishwa manyoya, linaloota kwenye miamba yenye kivuli katika misitu ya Usambara. Zaidi ya miaka mia moja iliyopita lilipelekwa Ulaya. Leo linakaa kwenye vyungu madirishani duniani kote, na wapo watu wanaolisemesha kila asubuhi. Huku lilikotoka, yamebaki machache.

Secilia anaufuta ujumbe wa yule mwanamke wa Japani. Kabla ya kuufuta, anamwandikia faraghani. Anaanza kwa kumuuliza hali ya mguu wake, maana wiki iliyopita alisema aliteguka kwenye ngazi. Kisha anampa pole. Neno "muuaji" linafuata baada ya hapo.

"Ukimsalimia mtu kwanza, hata ukimwadhibu anajua umemwona," anasema Secilia. "Ukianza na kosa, atadhani kwako yeye ni kosa tu."

Kiingereza alikipata kazini. Kwa miaka tisa alikuwa karani wa mradi wa utafiti wa misitu, akichapa ripoti za wataalamu. Mradi ulipofungwa alikuwa ameshalijua jukwaa hilo, akawa anajibu maswali ya watu bure. Mwanzilishi wake, muuguzi mstaafu wa Norway aitwaye Marit, aliona namna anavyojibu, akampa usimamizi. Analipwa shilingi laki sita kwa mwezi. Mumewe Kristian anapasua mbao Shume, na kwa kipato hicho cha wawili binti yao Glory anasoma sekondari ya bweni.

Kanuni anayoilinda kuliko zote ni ya saba: ni marufuku kutaja mahali ua hilo linapoota porini. Wapo watu wanaosafiri mbali kwenda kuling'oa, kwa kuwa la porini lina fahari yake kwa wakusanyaji. Mwanachama anayetaja mahali hufungiwa kuandika kwa miezi sita. Akiwa msimamizi, anapoteza na kazi kwa muda huo.

Kanuni hiyo ndiyo iliyomnasa yeye mwenyewe.

Miaka sita iliyopita, alipoingia jukwaani, Marit alimwomba ajitambulishe. Secilia akajitambulisha kama alivyolelewa.

"Kwetu mtu hatoi jina tu akanyamaza," anaeleza. "Utaulizwa, wewe ni wa kwa nani? Basi unasema baba yako ni nani, babu yako ni nani, mnatoka bonde gani na mnateka maji kijito gani. Usiposema hivyo, wazee wanakuona kama mtu anayeficha kitu. Nikaandika vyote. Nilifikiri ndiyo adabu."

Miaka minne baadaye aliweka picha ya maua yaliyoota kwenye mwamba, akaandika kwamba ni ya nyumbani. Hakutaja mahali. Aliikagua picha mara tatu kabla ya kuituma, asije akaacha njia au nyumba ikaonekana.

Picha haikuwa na jina la mahali, na utambulisho haukuwa na picha. Mtu mmoja akaviweka pamoja.

Mwezi Machi mwaka jana simu ya Secilia iliita. Alikuwa baba yake, Mzee Sefania, mkulima wa miaka 76 anayeishi kijijini, mwendo wa saa kadhaa kwa basi dogo na kwa miguu kutoka mjini. Jina la kijiji halitatajwa hapa, kwa ombi la familia.

"Mwanangu, rafiki yako alifika," alisema mzee kwa furaha.

"Shikamoo baba. Rafiki yangu yupi?"

"Marahaba. Yule mgeni wa Ulaya, wa kwenye kompyuta. Amekutaja kwa jina, amenitaja na mimi, amemtaja hadi babu yako! Nikasema huyu si mgeni, huyu ni mtu wetu. Nimempa chai na magimbi, nikampeleka mwambani akayaona maua. Mvua ilinifukuza, nikamwacha akipiga picha. Jioni nikambebea begi lake mpaka barabarani. Zito kweli."

 Kesho yake asubuhi mzee alipiga tena. Alikuwa ameenda kuteka maji.

"Mwanangu," alisema, "mwamba uko mtupu."

Siku ile Secilia alirudi kusoma alichokiandika alipojitambulisha. Kijito, bonde, ukoo, vyote vilikuwa pale. Jukwaani hakuna aliyekuwa amegundua. Angeweza kufuta mistari miwili tu, na siri ingebaki yake.

"Mimi nilimwambia, nani amekuuliza? Futa, nyamaza," anakiri Kristian. "Nilikuwa nafikiria ada ya mtoto. Siwezi kusema uongo kwamba nilikuwa nafikiria maua."

Hata Marit, alipopigiwa simu, alimwomba afute waendelee na kazi. Secilia akakataa.

"Kuna mzee mmoja wa Brazil," anasema, na sauti yake inashuka. "Mwaka mmoja kabla ya hapo alitaja njia ya mlimani bila kukusudia. Aliniomba sana nisimfungie. Mke wake alikuwa amefariki, aliniambia jukwaa ndiyo nyumba aliyobaki nayo. Nilimsalimia, nikampa pole, nikamfungia miezi sita. Sasa mimi nijisamehe kwa sababu funguo ninazo mkononi?"

Kabla ya kujishtaki, alimtafuta yule mgeni. Baba yake alikuwa amelishika jina lake, na barua pepe yake ilikuwepo kwenye orodha ya wanachama. Akampigia baba yake kumuuliza aanze kumwandikia vipi.

"Muulize kama alifika salama," alisema Mzee Sefania.

"Baba, mtu huyu ametuibia."

"Najua. Lakini alitoka kwangu. Mgeni akitoka kwangu, huwa nauliza."

Secilia akaandika hivyo hivyo: baba yangu anauliza kama ulifika salama. Hakuongeza neno. Zilipita siku kumi na moja. Kisha likaja jibu la sentensi mbili: "Nilifika salama. Sikustahili kuulizwa." Kesho yake mgeni huyo aliwaandikia wasimamizi na kueleza yote aliyoyafanya. Alisema amechukua miche thelathini, na mingi ilikuwa imemfia. Amefungiwa maisha.

Wiki hiyo hiyo Secilia aliweka mbele ya wanachama wote kosa lake na adhabu yake. Akafunga kompyuta. Laki sita za mwezi zikakoma.

Alikaa nyumbani wiki mbili. Hidaya ndiye aliyemfuata, amebeba sukari kilo moja na maneno yake.

"Mama Glory, kiti chako kinaota vumbi pale dukani. Wateja wananiuliza kama umekufa. Niwaambie nini?"

"Waambie nimefungiwa."

"Umefungiwa na wazungu. Mimi Mshambaa mwenzako nimekufungia? Njoo, mashine ya kopi inahitaji mtu mwenye subira, na mimi sina."

Kwa miezi sita Secilia alitoa kopi za vyeti na kuchapa barua za maombi. Siku za Jumamosi alishusha karoti na matunda ya pea hadi Mombo, chini ya mlima, akawauzia abiria wa barabara kuu. Hidaya hakuwahi kumuuliza habari ya kodi ya ile kona ya dirisha. Hata leo, likitajwa hilo, anageuka kutafuta kitu kwenye rafu.

Wema wa pili ulitoka mbali. Yule mzee wa Brazil alimwandikia: "Sasa tuko wawili." Wakawa wanaandikiana.

Wakati huo Mzee Sefania alikuwa ameshafika mjini na kifurushi. Ndani ya jani la mgomba alikuwa amefunga majani ishirini na mawili ya lile ua, yaliyovunjika mgeni alipokuwa aking'oa. Aliyaokota moja moja kwenye tope chini ya mwamba.

"Sikuwa na mpango nayo," anasema mzee. "Niliona vibaya tu kuyaacha yaoze, kama vile hayana mwenyewe."

Ua hili lina siri moja ambayo kila mwanachama wa jukwaa anaijua: jani moja likitunzwa vizuri huzaa mche. Lakini haya yalikuwa yamechubuka, mengine yameanza kuwa meusi kwenye kikonyo. Secilia aliomba ruhusa ofisi ya misitu, akapewa. Jambo lililomshinda ni kuwauliza wajuzi. Mtu aliyefungiwa anaweza kusoma jukwaani, hawezi kuandika.

Alimweleza mzee wa Brazil kwenye barua, kama mtu anayesimulia tu. Asubuhi iliyofuata alikuta mzee huyo ameandika jukwaani: "Rafiki yetu aliyefungiwa ana majani ishirini na mawili yaliyoumia. Hawezi kutuuliza, lakini anaweza kutusoma. Mwambieni la kufanya."

Katika siku tano ziliandikwa jumbe 312. Kata kikonyo mshazari kwa wembe safi. Mchanga uwe na unyevu, usilowe. Mfuniko wa plastiki, lakini uufungue kila mchana lipumue. Fundi bomba wa Poland alichora picha kwa kalamu. Mwanamke wa Japani, yule wa mguu, aliandika kwamba maji yawe vuguvugu, na wakati huo hakumtukana mtu.

"Nilisoma zote hapa hapa dukani," anasema Secilia. "Siwezi kujibu, siwezi hata kusema ahsante. Nikaanza kulia. Hidaya akadhani kuna msiba."

"Nilishafunga duka!" anadakia Hidaya. "Nimeshavaa na kanga ya kwendea msibani! Kumbe majani."

Secilia alizisoma jumbe zote mara mbili, akitafuta kitu kimoja. Kati ya watu wote wale, wenye hamu yote ile ya ua la porini, hakuna hata mmoja aliyeuliza majani yametoka wapi.

Mwezi Oktoba adhabu yake iliisha, na wanachama walipiga kura arudishwe kazini. Jambo la kwanza alilofanya ni kuwajibu walioandika zile jumbe 312, kila mtu kwa jina lake, kwa salamu yake na kwa habari za kwake. Ilimchukua siku tisa. Kwenye ukurasa wa kujitambulisha ameongeza maelekezo mapya: taja mama yako au baba yako ukipenda, taja chakula cha kwenu, lakini maji mnayoteka yaache kifuani.

Leo miche kumi na saba imesimama dirishani kwa Hidaya, ndani ya chupa za maji zilizokatwa. Mitano haikupona. Anayekuja kutoa kopi huambiwa kwanza aweke mkoba wake chini, mbali na dirisha.

Mzee Sefania naye anajiandaa. Amesafisha nyufa za mwamba kwa mti uliochongwa, na amejenga kizuizi kidogo cha mawe ili mvua isisombe udongo. Anapoulizwa atafanya nini akija mgeni mwingine, anashangaa swali lenyewe.

"Nitampa chai," anasema. "Ila begi, safari hii atabeba mwenyewe."

Masika yakianza, Secilia amepanga kuchukua ruhusa ya siku tatu na kuipeleka miche kijijini, amepakata boksi mapajani. Watapanda yeye, baba yake na Glory, ambaye atakuwa likizo. Simu ataiacha Lushoto, na hapatapigwa picha. Akirudi atawaandikia wanachama kwamba maua yamepandwa, basi.

Anatazama miche, anageuza chupa moja ili upande wa pili nao upate mwanga.

"Wataniuliza kama yameshika mizizi, kama yanapata kivuli, kama baba hajambo," anasema. "Watu elfu arobaini watafurahi kwa ajili ya mahali wasipopajua. Mimi hilo linanitosha."