Nishani ya Mpiga Tarumbeta

Dada yangu ni sonara, na hamwamini mtu yeyote mwenye ulimi. Ukimpa habari ya msiba atakuuliza ni nani aliyeiona maiti. Mtaani wanamwita Kwanza Nione, maana hayo ndiyo maneno yake kwa kila mteja, hata kabla ya salamu. Mimi ni mdogo wake, fundi saa. Meza yangu imeshikana na yake katika duka alilotuachia baba, na kwa miaka ishirini na mmoja nimemtazama akiwatilia shaka watu mchana kutwa, kisha jioni akanigeukia mimi kuhusu sukari iliyopungua koponi.

Hakuzaliwa hivyo. Alipokuwa na miaka kumi na tisa, baba alimwachia duka siku moja, akaja mwanamke mjamzito analia, akamuuzia mkufu. Ulikuwa shaba iliyopakwa dhahabu. Hata mimba yenyewe ilikuwa mto wa kulalia. Baba hakumgombeza. Alimcheka, tena mbele ya watu, na mimi naona ingekuwa afadhali angemchapa. Tangu siku hiyo Dada hana huruma na mtu anayekuja na hadithi.

Sasa siku moja mzee mmoja alikuja na hadithi. Aliingia asubuhi, mrefu, shati limenyooshwa kwa pasi mpaka linatisha, kakumbatia kisanduku cha mbao. Ndani mlikuwa na nishani ya dhahabu pana kama mdomo wa kikombe. Upande mmoja mfalme na malkia wametazamana, upande wa pili taji na tarehe ya harusi yao. Alisema za dhahabu zilitengenezwa kumi na mbili tu, za kuwapa wageni wakubwa. Yeye alikuwa mpiga tarumbeta wa kasri, na wapiga muziki walipewa za shaba. Ila siku ile mdomo wake ulipasuka katikati ya wimbo, damu ikamwagikia sare, naye hakuacha kupiga. Bibi harusi akaliona hilo, akachukua nishani moja kwenye sinia akamtia mkononi.

Miaka arobaini watu wamemcheka kwa maneno hayo. Hata binti yake anayeishi naye huwaambia wajukuu kwamba hizo ni porojo za babu. Lakini makumbusho yalikuwa yanaandaa chumba cha harusi ile, na yalikubali kuiweka nishani yake kwenye kabati la kioo, jina lake chini yake, iwapo sonara mwenye mhuri angethibitisha kuwa ni dhahabu. Hakutaka kuiuza. Alitaka barua tu.

Hapo ndipo Dada alipozidi kumshuku. Mtu anayeingia kwa sonara bila kutaka kununua wala kuuza, anataka nini? Aliisugua nishani kwenye jiwe la kupimia, akadondoshea tindikali, na mstari wa njano ulioachwa jiweni haukufutika, kama ulivyo wa dhahabu. Akaninong'oneza kwamba hata dhahabu ya kupakwa, ikiwa nene, huacha mstari. Akachukua tupa aone ya ndani. Mzee akaifunika nishani kwa kiganja.

"Pima utakavyo, mwanangu, lakini usiikate. Nimeitunza miaka yote hii bila mkwaruzo."

Nilimwona Dada akitabasamu kidogo. Maneno kama hayo alikwisha kuyasikia kwa matapeli wengi.

Ilibaki njia ya maji. Kitu hupimwa uzito mkavu, kisha hupimwa kikiwa kimening'inizwa kwa uzi ndani ya maji, na tofauti ndiyo inayosema ukweli. Lakini kwanza lazima kioshwe kwa sabuni na brashi, kwa sababu mafuta ya mikono hushika viputo vya hewa, na viputo hukiinua kitu na kuidanganya mizani, dhahabu ikaonekana nyepesi kama shaba. Baba alitufundisha hilo kabla hatujajua kusoma. Siku ile Dada hakuosha. Alikuwa na haraka ya kumnasa mzee kabla hajaongeza uongo mwingine. Nami nikiwa mezani kwangu niliviona viputo, vitatu au vinne, kwenye nywele za malkia. Nikanyamaza. Kumkosoa Dada mbele ya mteja ni kununiwa wiki nzima, na kusema kweli, hata mimi yule mzee nilikuwa simwamini.

Dada akaandika kwamba si dhahabu halisi, akagonga mhuri. Mzee aliisoma barua mara mbili. Akauliza kama mizani inaweza kukosea. Dada akamjibu kwamba mizani haina ndugu wala rafiki. Mzee akashukuru, akaondoka na kisanduku chake.

Siku tatu Dada hakutulia. Mstari wa njano ulikuwa bado uko kwenye jiwe, naye kila saa anaufunika kwa kitambaa, anaufunua. Siku ya tatu mama mmoja alileta bangili. Dada akachukua sabuni na brashi kama kawaida, mara mkono ukasimama ndani ya beseni.

"Ile nishani niliiosha?" aliniuliza bila kugeuka.

"Hukuiosha."

"Uliona viputo?"

"Niliviona."

Sijawahi kutazamwa vile maishani. Tulimrudishia yule mama bangili yake, tukafunga duka, tukaenda na mizani hadi nyumbani kwa mzee. Binti yake alitufungulia. Dada, ambaye hata akikukanyaga hukuuliza mguu wako ulikuwa unafanya nini pale, alitoa shikamoo, akasema amekosea, akaomba nishani na maji ya sabuni.

Mzee alileta kisanduku, akakifungua. Nishani ilikuwa vipande viwili. Ilikuwa imekatwa kwa msumeno wa chuma, mkato umepinda, umepita kati ya mfalme na malkia. Ndani ilikuwa njano ileile ya nje, mwanzo hadi mwisho.

"Uliponiambia sikukuamini," alisema mzee. "Kisha nikaanza kufikiri. Labda bibi harusi alinipa ya bandia, niondoke nisiwachafulie shughuli kwa damu. Jana nikaona heri nijue. Nilipofika katikati nilijua, lakini mkono haukusimama."

Binti yake alikuwa akiangalia sakafu, ambako vumbi la dhahabu lilikuwa bado halijafagiwa. Dada aliketi kitandani bila kukaribishwa, akaandika barua nyingine. Mzee alinipa mimi niisome kwa sauti, ili binti yake asikie. Nilipofika kwenye maneno "dhahabu halisi" alitabasamu, na hapo nikaliona kovu, mstari mweupe uliopasua mdomo wa juu. Lilikuwepo tangu asubuhi ile alipoingia dukani. Tulikuwa na lenzi mbili mle ndani, ya Dada na yangu, na hakuna aliyemtazama usoni.