Nembo Niliyoivaa Bila Haki

Ipo Jumapili moja ambayo mpaka leo naiona mbele ya macho yangu, mwanangu. Nilikuwa nimerudi Kaengesa kwa likizo, askari kijana, sare imepigwa pasi mpaka inang'aa, na upepo ule wa baridi wa Ufipa ukinipiga masikioni.

Kikosi changu kilikuwa cha ugavi. Nembo yetu ilikuwa ufunguo juu ya gunia la nafaka. Niliionea haya. Nani angenitazama kwa sababu ya gunia, na kila nyumba ya kwetu ina magunia ya mahindi? Basi nikaomba kwa rafiki yangu nembo ya kikosi cha mstari wa mbele: mkuki, na chini yake mistari miwili ya bluu. Nikaishona begani mwenyewe, nikaenda nayo misa.

Tulipotoka kanisani, Mama Skolastika alinifuata. Mwanawe, Fokasi, hakurudi kutoka vitani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba." Aliigusa ile nembo kwa kidole. "Fokasi wangu alikuwa na hii. Mlikuwa wote?"

Watu walikuwa wananitazama. Nikasema ndiyo.

Alinishika mkono mpaka kwake, akachinja kuku, akasonga ugali wa ulezi. Nilikula huku akiniuliza kama mwanawe alikuwa anashiba, kama alikuwa bado anaimba. Kila jibu nililitunga.

Mumewe, Mzee Sikazwe, alikuwa akiitazama nembo ile muda wote. Mkewe alipotoka kuchota maji, akaniuliza, "Hii mistari miwili ni nini?"

"Ni mapambo tu, mzee."

"Ni mto. Fokasi na wenzake waliuvuka, kisha wakauvuka tena kuwafuata majeruhi wao. Fokasi alituandikia. Wewe ni wa kikosi gani?"

Nikatoa nembo yangu ya ufunguo mfukoni. Aliichukua, akaigeuza kiganjani.

"Barua hiyohiyo inasema walikaa na njaa mpaka walipofikiwa na watu wa ufunguo. Ndiyo unayoionea haya? Mama akirudi, utamwambia mwenyewe. Mimi sitakusaidia."

Nilimwambia. Hakunifokea. Alikaa chini, ndoo bado mkononi, akauliza taratibu, "Kwa hiyo hujui kama alikuwa anaimba?"

"Sijui, mama."

Mwanangu, nimepewa adhabu nyingi kambini, lakini hakuna iliyoniuma kama swali lile.

Nilizifumua nyuzi za nembo ile palepale. Likizo iliyofuata nilimletea askari aliyekaa na Fokasi kweli. Akamwambia kwamba Fokasi alikuwa anaimba kila asubuhi, tena kwa sauti mbaya. Mama Skolastika alicheka mpaka machozi yakamtoka. Wote wawili wameshatangulia sasa, yeye na mzee, na kila nikipita Kaengesa natamani ningewakuta.

Nakueleza haya kwa sababu juzi ulikuja na sare yako mpya, ukalalamika kwamba wenzako wamepewa nembo ya chui na wewe umepewa koleo. Nenda kawaulize wakubwa wako kikosini ni akina nani waliolishika koleo lile kabla yako, na walichimba nini. Ukishajua, vaa nembo yako bila aibu. Ya mwenzako usiiguse, maana huwezi kujua ni mama gani atakayekuja kuishika.

Mungu akutangulie uendako, akupe wenzako wema, akurudishe nyumbani salama. Amina.