Mama Mdogo Mbele ya Baraza

Nilisoma sheria jioni kwa miaka mingi hivi kwamba mlinzi wa chuo alinidhania mlinzi mwenzake. Kwa hiyo nilipopata nafasi ya mafunzo kwenye ofisi ya msaada wa sheria hapa Sydney, nilinunua suti ambayo ingeweza kwenda kortini hata bila mimi.

Kesi yangu ya kwanza ilikuwa ya mama mmoja Mkongomani wa Campbelltown, pembezoni mwa jiji. Ofisi ya nyumba za serikali ilitaka kumtoa kwenye nyumba aliyoishi na watoto wake wanne. Likizo yote ndefu ya shule, yeye na watoto walikuwa Toongabbie, upande mwingine wa jiji, na kwenye fomu ya kueleza kwa nini hayupo nyumbani alisema anamuuguza mama yake. Ofisi ikafungua faili lake la zamani, ikakuta mama yake ni marehemu. Wakasema amedanganya, nyumba haihitaji.

Asubuhi ya kesi, mwanasheria wetu, Mzungu mpole wa karibu miaka sitini, alinituma nipitie maelezo na huyo mama kwenye korido ya baraza la jimbo, linaloamua kesi za wapangaji.

"Mama, umesema ulimuuguza mama. Si alifariki?"

"Alikufaka, avoka. Uyu ni mwingine."

"Mimi si wakili bado. Kwani una mama wangapi?"

"Batatu. We uko na moja tu? Pole."

Nikaona aibu, tena mimi mtu wa Nakuru niliyekua na mama wadogo. Faili lile nimelisoma mara elfu moja na sikuona kitu! Aliyeuguzwa alikuwa mama mdogo, mdogo wa marehemu, ndiye aliyemlea. Fomu ilijazwa kwa simu kupitia mkalimani. Yeye alisema "mama", mkalimani akatafsiri vilevile, na Kiingereza kikamfufua marehemu.

Nilimkimbilia mwanasheria nikamweleza. Akasema, "Vizuri. Utalieleza baraza wewe mwenyewe."

Ndani, aliniombea ruhusa kwa mwamuzi, nikasimama. Nikaeleza kwamba kwetu dada wa mama ni mama, na kumwita vingine ni kumvunjia heshima.

Mwamuzi akamgeukia huyo mama mdogo, bibi aliyekaa nyuma na mkongojo wake, akamwonyesha mteja wetu na kuuliza kupitia mkalimani wa baraza, "Huyu ni nani wako?"

"Ni mtoto wangu."

"Wewe ndiye uliyemzaa?"

"Hapana. Nilimulea. Sasa nimwite jirani?"

Mkalimani alitafsiri huku akijizuia kucheka. Mwakilishi wa ofisi ya nyumba akasoma barua ya hospitali aliyokuja nayo bibi, yenye jina lake, akaisoma tena, kisha akasema hawana la kuongeza. Ombi la kumtoa likatupwa.

Mwanasheria hakutuachia hata dakika ya kusherehekea. Alisema fomu ile inajazwa na watu wengi, na kazi ya sheria kwa maslahi ya umma ni kuhakikisha wa kesho hafiki hapa. Mchana kutwa nikaandika barua ya kuomba fomu iulize "nani alikulea", nikieleza mama mkubwa, mama mdogo na baba mdogo hadi kompyuta ikachoka.

Lakini kabla ya hapo niliwasindikiza mteja wetu na bibi stesheni. Nilimpa yule mama bahasha atie uamuzi wa baraza. Akaikataa, maana karatasi ingelazimika kukunjwa. Akapanda treni ya Campbelltown, akailaza karatasi juu ya mapaja, bibi akiishikilia upande wa pili isipeperuke.