Kikapu cha Mayu na Nyumba ya Makumbusho

Mama mkwe wangu alikuwa mcheza nyoka, na mimi nyoka siwapendi hata wakiwa wamechorwa. Ndoa ina mambo! Hiyo ilikuwa miaka ya hamsini, kabla ya Uhuru, kwetu Didia, Usukumani. Siri za kundi lao la wacheza nyoka walizijua wenyewe tu. Sisi wengine tuliona kikapu chake chenye mfuniko, chatu akitoka humo taratibu kama mzee aliyeamshwa na wajukuu, na ngoma ikianza.

Mume wake alibatizwa siku anakata roho, akazikwa makaburi ya misheni. Hapo ndipo Mayu, maana ndivyo Wasukuma tunavyomwita mama, alipoanza kuhangaika.

"Nikifa bila ubatizo watanizika huku nyumbani, kwenye ua wa minyaa, na mzee atalala peke yake," aliniambia. "Yule hajui hata kujifunika!"

Akaenda kwa padri.

Padri, mzungu mmoja mrefu, hakuwa mtu wa kuchoma vitu. Aliyetaka ubatizo alikabidhi vifaa vyake vya siri, navyo vikawekwa kwenye chumba nyuma ya kanisa: pembe, manyanga, mikanda ya wawinda nungunungu, maana nao wana ngoma yao. Akakiita nyumba ya makumbusho. Mfagiaji na mshika ufunguo nilikuwa mimi. Kikapu cha Mayu kilipokelewa kwa furaha. Chatu hakupokelewa. Alibaki kwangu, chini ya ghala, nikawa napika nimevaa viatu vya mume wangu.

Sasa sikia. Neno makumbusho lilikuwa geni, watu wakajitafsiria: ni mahali kitu kinapokaa mpaka mwenyewe akumbuke kukifuata. Kila Jumapili baada ya misa walikuja kuvisalimia vitu vyao.

"Mwangaluka," Mayu alikiamkia kikapu, kisha akanigeukia mimi. "Mbona vumbi? Unafagia au unapapasa?"

Nilinuna wiki nzima.

Mavuno yakaisha, mashindano ya ngoma yakatangazwa. Jumapili ile waliingia mikono mitupu, wakatoka mmoja mmoja wamebeba.

"Mayu, na ubatizo je? Umebaki mwezi!"

"Kwani naiba? Changu kimenikumbusha."

Ningemzuia vipi? Na nilishachoka kuishi na chatu asiye na nyumba.

Uwanja ulijaa. Alipofunua kikapu vigelegele vikapigwa, nami nikalia, jamani, kwa fahari na kwa kumwonea huruma yule mzee aliyelala peke yake. Maana padri alikuwa amesimama palepale. Alikitambua kikapu. Akazitambua pembe, akayatambua manyanga. Chumba chake chote kilikuwa kinacheza.

"Mama," akasema, uso umemwiva, "hivi si vya makumbusho?"

"Ndiyo, baba," Mayu akamjibu, chatu shingoni. "Tumekumbuka."

Kesho yake vitu vyote vilirudi mahali pake, na pembe moja ya ziada ambayo mwenyewe hatujamjua mpaka leo. Siku ya ubatizo ikafika, na hatukujua kama Mayu ataitwa. Wakaitwa wenzake wote. Yeye akaitwa mwisho kabisa.

"Unamkataa shetani na mambo yake yote?"

"Namkataa," akajibu kwa sauti ya uwanjani. "Kwanza hata kucheza hajui."

Padri akammwagia maji harakaharaka kabla hajaongeza neno. Mimi nikamwazia mzee kule makaburini, akijisogeza kidogo ampishe mkewe.