Mheshimiwa kwenye Posa ya Dada

Mcheke sasa hivi mmalize, kwa sababu aibu hii naisimulia mara moja tu, na nikikutana nayo njiani nitasema siijui.

Nilikuwa na vunjajungu. Nilimwita Mheshimiwa, kwa kuwa kutwa alikunja mikono kama anayeiombea nchi amani, halafu mwenzake akipita karibu anamla mzima mzima kuanzia kichwani (ninaowafikiria siwataji, bado nina mitihani). Nilimfuga kwenye kopo la maziwa ya unga nililolitoboa matundu, namdondoshea maji kwa ncha ya unyoya wa kuku, na chakula chake shurti kiwe hai, kilichokufa hakitazami. Sisi vita vilikuwa vimetufundisha kula maharage bila mafuta. Yeye alikula nzi wanono wa buchani.

Siku ya posa ya dada Zaituni, wakwe wakashuka kutoka kwao Kinanira mchana, warudi kabla ya kuvufe, saa ya marufuku ya kutembea usiku. Dada alimpenda mchumba wake mpaka chakula hali, na ndugu zake walikuwa watu wa kuudhika upesi. Mama akanipa kitambaa.

"We Hadija, nzi ata moja asiguse sambusa. Na mudomo uufunge!"

Nikapunga mpaka mkono ukaniuma, nikawaza: Mheshimiwa hajala tangu jana, nzi ndio hawa, kwa nini nisimwajiri? Nikamweka kwenye pazia.

Mwanzoni alichapa kazi. Halafu, kama wakubwa wote, akatafuta kiti cha juu zaidi: bega la shangazi wa mchumba. Akadaka nzi, akaanza kumtafuna karibu na sikio lake, kru kru kru. Shangazi akageuka taratibu, wakatazamana macho kwa macho.

Yowe hilo! Mtandio ukaruka, na dada, aliyekuwa anaingia na sinia la chai, akaliachia, paa! Na sisi watu wa Buja wa miaka hii mnatujua, kishindo hatukiulizi, tunakilalia. Salo nzima, wageni na wenyeji, kifudifudi. Mjomba wa mchumba, aliyekuwa anausifia utulivu wa nyumba yetu, akajipenyeza chini ya meza mpaka tumbo likagoma. Jirani akabamiza lango lake la bati, wa pili akadhani ni bomu lingine, na mara nusu ya mtaa iko barabarani na magodoro kichwani.

Ningenyamaza, vita vingebeba lawama (vimebeba za wengi). Lakini goti la mjomba lilikuwa linamsogelea Mheshimiwa.

"Musimukanyage!" nikapiga kelele.

Vichwa vikainuka.

"Nani?" akauliza mama kutoka sakafuni.

"Vunjajungu wangu."

Dada alinitazama akiwa amelala kwenye chai, machozi yanamlenga, na hapo utani wote ukaniisha. Shangazi akainuka, akauokota mtandio wake, akautupia begani.

"Mama Zaituni," akasema, "binti tunamuchukua. Tena mbio, mbele huyu mwingine hajamuambukiza. Lakini huyu, Kinanira? Apana! Asifike ata mulangoni."

Wakashika neno. Harusi ya dada, pilau niliilia nje, nikiwalindia wageni viatu. Na dada ananiambia kwamba siku ile ile, shangazi alipofika kwake akaukunjua mtandio, Mheshimiwa akatoka, na kwa kuwa kila mtu anajua anayeua vunjajungu atavunja vyungu vya nyumba nzima, hakuna aliyethubutu. Yuko kwenye maua yao mpaka leo, ananenepa.

Naapa, sifugi tena mdudu anayeweza kupokelewa kwenye nyumba ambayo mimi nimefukuzwa.