Waliotaka Mwisho Mwingine

Watu wa mtaa wa Ng'ambo walimjua Najiat kwa cherehani. Alishona sare za shule, mabaibui na magauni ya harusi katika chumba cha mbele cha nyumba aliyoiacha baba yake, na dirisha la chumba hicho lilikuwa karibu na barabara kiasi kwamba mpita njia aliweza kumsalimia bila kusimama. Hakuna aliyemjua kuwa ni mwandishi. Hata yeye, alipoitwa hivyo kwa mara ya kwanza, aligeuka nyuma kutazama anaambiwa nani.

Kitabu chenyewe kilizaliwa wakati wa kumuuguza mama yake, Bi Tatu. Maradhi ya Bi Tatu yalikuwa ya kusahau. Yalianza na funguo na vijiko, yakaingia kwenye majina ya wajukuu, mwisho yakamfikia Najiat mwenyewe. Bi Tatu alikuwa akimtazama binti yake kwa adabu ya mtu aliyefika ugenini, kisha anauliza, "Samahani mama, wenyewe wametoka?" Kila alasiri alijitanda kanga akashika njia, eti anarudi kwao. Kwao ilikuwa nyumba hiyo hiyo aliyotoka. Najiat aliacha nguo chini ya sindano akamfuata polepole hadi karibu na soko, akamshika mkono, wakarudi. Kesho yake hivyo hivyo. Iliendelea karibu miaka sita.

Mdogo wake Najiat, Tunu, alikuwa ameolewa Dar es Salaam. Alipiga simu kila Ijumaa, na Bi Tatu, sijui alikuwa anazipata wapi nguvu, kwenye simu alijitahidi. Alicheka, aliomba dua, alisema wote hawajambo.

"Mbona mama mzima tu, dada," Tunu alikuwa akisema.

Baada ya chakula cha mchana mgonjwa alilala kidogo. Cherehani ingemwamsha, kwa hiyo Najiat alikaa kando ya kitanda na simu yake. Ndipo alipoanza kuandika. Aliandika hadithi ya kutisha, maana alipojaribu kuandika mambo kama yalivyokuwa, vidole vilikataa. Akatunga mji mdogo akauita Lubangila, kando ya njia ya zamani ya misafara, mji wenye stesheni moja, msikiti mmoja, kanisa moja na mashine ya kukoboa. Kila alasiri kitu kinaingia mjini kwa njia ile ya wapagazi. Kinakuja na umbo la mtu wa nyumba unayoijua, kinasimama mlangoni kinaomba maji. Ukikipa, kinaingia ndani na yule mtu halisi haonekani tena. Mji mzima unaliwa hivyo, nyumba baada ya nyumba, hadi kinafika kwa binti mmoja kikiwa na sura ya mama yake. Binti anakitambua. Anajua kabisa huyu si mama. Anakipa maji, anakiogesha, anakilisha, kila alasiri anakifuata barabarani kikijitanda kanga kuelekea sokoni, mwisho anakitandikia kitanda, na kitabu kinaishia hapo.

Alikiita *Anayeomba Maji*. Vipande alivituma kwa Nassibu, mtoto wa mjomba wake, mwenye duka la steshenari mtaa wa Kanyenye, kwa sababu Nassibu alipenda kusoma na hakuwa na maswali mengi. Bi Tatu alipofariki na arobaini ikapita, Nassibu akaja na vipande vile vimepangwa, vimechapwa, vimetiwa jalada jeusi lenye mlango uliofunguliwa nusu.

"Da Najiat, hiki kitasomwa," alisema.

Najiat alikishika, akakipindua, akakiweka juu ya rundo la vitambaa. Alitaka kulala tu.

Na kweli kilisomwa. Kilizunguka maofisini na kwenye saluni, abiria wa treni wakakibeba mpaka Kigoma. Nassibu akafungua kundi la watsapu la wasomaji, akamwingiza Najiat bila kumwuliza, na tangu siku hiyo simu ikawa hailali.

Maoni yalikuja ya kila namna. Mmoja alisema hajawahi kuogopa hivyo, sasa akibishiwa hodi anachungulia kwanza. Mwingine akasema hakuona cha kuogopesha, jini gani lisilo na kwato. Mama mmoja wa Nzega aliandika kwamba kitabu ni kizuri ila kingewekewa aya za dua mwanzoni, kwa usalama wa msomaji. Kijana mmoja alitaka kujua Lubangila ipo wilaya gani, kwa sababu rafiki yake kaapa kwamba alishapita.

Lakini karibu wote waliungana kwenye jambo moja: mwisho. Mwisho haukumpendeza mtu. Mbona yule binti hakuita shehe? Mbona hakuita mchungaji? Hata mganga? Alishindwaje kufunga mlango? Mtu unajua hili ni zimwi limemla mama yako, unalitandikia shuka? "Mwandishi alichoka," aliandika mmoja, "ndiyo maana akamaliza ovyo." Najiat alisoma maoni hayo akiwa na pini mdomoni, akaona kwamba kwa sehemu moja huyo amepatia.

Mzee Shomari hakuwa kwenye watsapu, kwa hiyo alikuja mwenyewe. Alikuwa na nyumba ya kupangisha Kanyenye, na mlango wake ulikuwa wa zamani, wa mbao nzito.

"Wapangaji wamehama," alisema, bado amesimama. "Wanasema nyumba ya kwenye kitabu ni yangu."

"Shikamoo mzee. Nyumba ile nimeitunga. Haipo."

"Marahaba. Mlango umesema mzito, unalia ukifunguliwa. Wangu unalia."

"Tuutie mafuta basi, mzee wangu," alisema Najiat. Hakusema kwa dharau. Kichwa kilikuwa kinamuuma na ndilo lililokuja. Mzee Shomari akaketi, akaomba maji ya kunywa. Wote wawili wakasikia alichoomba. Mzee ndiye aliyeanza kucheka.

Maoni yaliyomuumiza Najiat hayakutoka kwa mgeni. Tunu alituma ujumbe wa sauti mrefu, na sauti yake ilikuwa imekauka.

"Dada, nimekisoma. Wengine wanaweza kudanganyika, mimi siwezi. Ile kanga, ile njia ya sokoni, lile 'samahani mama.' Umemfanya mama yetu jini. Umemwuza barabarani watu wamuogope. Hivi mama alikukosea nini?"

Najiat aliusikiliza mara moja tu. Alianza kujibu, akafuta, akaanza tena, akafuta. Ijumaa iliyofuata simu haikupigwa, wala Ijumaa ya baada yake. Alikuwa anakata kitambaa cha gauni la bibi harusi, na kwa mara ya kwanza tangu ajifunze ushonaji alikosea mkono wa kushoto akaukata kama wa kulia. Akarudia. Hakulia. Machozi nayo yanataka nguvu.

Nassibu akaja na habari kwamba nakala zimekwisha na watu bado wanaulizia.

"Nataka kuchapa tena," alisema. "Ila, da Najiat, tubadilishe mwisho. Jini life. Hata likimbie tu. Wasomaji ndio wanaosema, si mimi."

"Badilisha unavyotaka."

"Siwezi mimi. Wewe ndiye mwenye maneno."

"Maneno yamekwisha, Nassibu. Niache nimalize gauni la watu."

Aliondoka bila kuudhika, lakini akaacha nakala moja juu ya meza, ukurasa wa mwisho umekunjwa.

Wiki hiyo hiyo, asubuhi, mtu mmoja alisimama dirishani. Alikuwa mzee kidogo kuliko Najiat, shati limefungwa vifungo mpaka shingoni, kofia mkononi. Alijitaja kuwa ni Silasi, mkulima wa tumbaku kutoka Goweko, na akauliza kama ndiko kwa mwenye kitabu cha maji.

"Shikamoo. Ndiko. Kama ni habari ya mwisho, nimekwisha ambiwa."

"Marahaba, mama. Mwisho hauna neno," alisema Silasi. "Hata mimi nilimpa maji."

Najiat akamfungulia mlango.

Silasi aliketi kwenye kiti cha wateja, kofia juu ya goti. Alieleza bila haraka. Mkewe, Minza, alianza kupotea kidogo kidogo, kama Bi Tatu. Alipanga vyungu mlangoni akisubiri wageni waliokufa zamani. Alimwita mumewe "we baba," kama mtu wa njiani. Majirani walisema karogwa, wengine wakasema Silasi mwenyewe ndiye aliyemroga. Minza alifariki wakati wa mavuno ya mwaka jana. Kitabu Silasi alikipata kwa binti yake, akakisoma peke yake, kurasa nyingine mara mbili.

"Nimekuja kwa sababu kuna mahali umedanganya," alisema.

"Wapi?"

"Huyu binti wako hachoki. Anaogesha, analisha, anafuata barabarani, na kila akirudi ana upole ule ule. Mpaka nikajiuliza, jini ni yule mama au ni huyu binti?"

Silasi akaendelea, macho yake kwenye kofia.

"Mimi nilichoka, mama. Nilikuwa naingia ndani ya bani, lile banda la kukaushia tumbaku. Hakuna moto, hakuna kazi, majani yamekwisha toka. Nakaa chini gizani. Namsikia Minza ananiita, we baba, we baba. Nanyamaza. Nampenda, lakini nanyamaza. Sasa nikasoma kitabu, nikasema, huyu ameandika kila kitu ninachokijua, mbona hili hakuandika? Au ni mimi tu?"

Nje bajaji ilipita, ikapiga honi. Najiat aliutazama mguu wake, ambao ulikuwa umerudi wenyewe juu ya pedeli ya cherehani.

"Si wewe tu," alisema. "Mimi nilikuwa naendesha cherehani bila kitambaa. Naendesha kwa nguvu, ili nisimsikie."

Silasi aliitikia kwa kichwa. Najiat alimpa chai na maandazi, Silasi akampa chupa ya asali aliyoileta, akauliza gari la mwisho la Goweko linaondoka saa ngapi, akaenda zake.

Mchana huo Najiat alifunga dirisha. Aliandika akiwa amelala ubavu kitandani, simu imeegemea mto, kwa sababu mgongo ulikuwa umekataa kukaa. Hakuliua jini. Alichoongeza ni ukurasa mmoja kabla ya ule wa mwisho. Binti wa Lubangila anatoka uani, anaketi nyuma ya choo, mgongo ukutani. Ndani anaitwa. Anaitwa tena. Anasikia kila kitu, na haendi. Anahesabu nguo zilizoanikwa kwenye kamba, zikiisha anaanza upya. Hatimaye sauti inanyamaza, naye anaogopa ule ukimya kuliko alivyowahi kuogopa kitu chochote katika mji ule, ndipo anainuka, anaingia na kikombe cha maji.

Nassibu aliusoma dukani kwake amesimama, kalamu sikioni.

"Watu walitaka jini lipungue," alisema, "wewe umeongeza uchovu."

"Ndicho nilicho nacho."

Akausoma tena. "Haya," akasema, akauingiza.

Chapa ya pili haikufanya muujiza. Wapenzi wa vitisho walilalamika kwamba hadithi sasa inasimama karibu na mwisho, wakati ingepaswa kukimbia. Yule aliyetaka jini lenye kwato akasema sasa ndiyo kimeharibika kabisa, binti amekaa chooni. Lakini maoni ya namna nyingine yakaanza kuingia, na hayo hayakuja kwenye kundi. Yalikuja kwa Najiat peke yake, au dirishani. Mwanamke mmoja wa Kanyenye, anayemuuguza mkwewe, alileta sketi ya kupunguza kiuno, na sketi ilipokwisha pungua bado alikuwa amekaa. Fundi seremala mmoja alimweleza habari za baba yake huku akijifanya anakagua meza. Walitaka kusikilizwa, na Najiat aliwasikiliza, na kila mmoja alipoondoka mabega ya Najiat yaliuma kama aliyetoka kisimani. Hakujua kama hiyo ni baraka au ni kazi nyingine tu imeongezeka.

Tunu alipiga simu siku ambayo haikuwa Ijumaa. Nassibu alikuwa amemtumia nakala mpya kwa basi, bila kumwambia mtu.

"Dada, shikamoo."

"Marahaba, Tunu."

"Nimesoma ulipoongeza."

"Ehe."

"Ulikuwa unachoka hivyo?"

"Ndiyo."

"Mbona hukuniambia?"

Najiat aliangalia ndani yake kama ana hasira. Akaitafuta, hakuiona. "Nilikuambia. Ukasema nimpe supu ya kuku."

"Nilisema hivyo kweli?"

"Ulisema. Na nikampa. Aliipenda."

Tunu akatoa sauti ambayo huenda ilikuwa kicheko na huenda haikuwa. Kisha akasema anapanda treni, na akifika hataki kuzungumza habari ya kitabu.

"Usizungumze," alisema Najiat. "Njoo tu."

Alikuja na begi moja na zawadi nyingi mno. Walifungua chumba cha Bi Tatu, wakatoa godoro juani, wakafua kanga zote, hata zilizokuwa safi. Tunu alilia mara mbili, zote kwa siri, nyuma ya mashuka, na Najiat alimwachia siri yake. Kitabu hakikutajwa. Hawakusema nani alikosea. Siku ya tatu, baada ya sala ya adhuhuri, Tunu alimnyang'anya dada yake mkasi.

"Kalale."

"Kuna mteja atakuja kuchukua—"

"Nitampa. Kalale, dada."

Najiat alilala mchana kweupe, mlango umeegeshwa, usingizi mzito usio na ndoto wala mtu wa kufuata. Alasiri mteja alikuja akachukua mzigo wake. Nyuma yake akaja kijana na kitabu cheusi kwapani, akainama dirishani akasema yeye ni msomaji, ametoka Igunga, na ana maoni yake juu ya ule mwisho.

"Mwandishi amelala," Tunu alimwambia, akivuta pazia. "Na haamshwi."